Robo ya Jirani

Haya bado hayajatokea. Yakija kutokea, yataanzia mahali kama Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, katika mwaka ambao kiwanda kizima kitavuliwa nguo ili kivalishwe nyingine.

Ilichukua miezi mitano kukigeuza. Laini ya zamani, iliyounganisha pikapu za Kongoni tangu Mejumaa Mbwana akiwa msichana mwenye kiuno cha nyigu, iling'olewa kipande kwa kipande. Reli zikakatwa, mashimo ya sakafuni yakazibwa kwa zege, na pale walipokuwa wakihangaika watu mia mbili ikasimama mikono hamsini ya chuma, kila mmoja juu ya mguu wake mmoja kama korongo. Kila mkono ulikuwa na kibati shingoni, na kila kibati kilikuwa na jina la binadamu. Mkono wa nane uliandikwa MEJUMAA MBWANA. Wa tisa, HOZA SHEKIONDO.

"Kitendawili!" Shekiondo alimwambia siku ile mitambo mipya ilipowashwa. Walikuwa wamesimama kando wawili hao, vitambaa mkononi, maana kazi yao sasa ilikuwa kuilea mikono: kuifuta vumbi, kuipaka grisi, kuisikiliza ikikohoa.

"Tega."

"Nimekufa kabla ya kufa, na kazi yangu naiona inavyoendelea."

Mejumaa alifikiri, akatazama dari, akafikiri tena. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Muheza, na machungwa yake yote."

"Muheza nimeila, maganda nimewatupia mbuzi. Jibu ni mimi na wewe, mtani wangu. Tazama." Akaonyesha kwa kidevu. Mkono wa nane ulikuwa unainama, unachukua bolti, unaipuliza kabla ya kuiingiza tunduni. Haukuwa na mapafu. Ulitoa hewa kidogo kwenye bomba lake. Lakini ilikuwa ile ile pumzi ya Mejumaa, aliyekuwa na mazoea ya kupuliza vumbi ambalo wakati mwingine halikuwapo.

Alicheka siku ile mpaka machozi yakamtoka. Baadaye alijiuliza kama yote yalikuwa ya kicheko.

*

Gari jipya liliitwa Kware. Lilikuwa dogo, la duara, halina dereva wala usukani. Lilijua njia lenyewe. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja cha mgonjwa na kiti kimoja pembeni yake, cha mtu wa kumsindikiza. Magari hayo yote yalikuwa yakipelekwa kwenye zahanati za milima ya Usambara, kule ambako zamani mama mwenye uchungu alishushwa kwa machela. Arobaini na moja yalikuwa yamekwisha kwenda.

La arobaini na mbili likasimamishwa katikati ya laini ili watu walioandikwa kwenye vibati wapigwe picha.

"Bi Mejumaa, ingia ukae kwenye kiti," akasema mpiga picha. "Hapo hapo. Sogea kidogo kulia. Tabasamu, mama, hii si picha ya kitambulisho."

Mejumaa alisogea kulia, na kiti kikasogea naye.

Hakikusogea sana, unene wa ukucha, labda chini ya hapo. Mtu mwingine angedhani ni sponji inabonyea. Yeye alitabasamu, picha ikapigwa, kisha akajifanya kiatu kimemtoka, akainama na kupitisha vidole chini ya kiti. Kofia za plastiki za kufunika bolti zilikuwa hazijafungwa bado; zilifungwa kituo cha mbele. Akaigusa bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Zote zimebaki robo.

Akarudia kuzigusa, kuanzia ya kwanza. Kwa maana aliijua robo ile. Hakuna mashine iliyoibuni. Ilikuwa ya kwao.

Kwenye laini ya Kongoni hakuna mtu aliyekaza bolti mpaka mwisho. Ulikaza, ukaacha robo ya mzunguko, na gari likasogea kwa jirani yako. Jirani, kabla hajagusa kazi yake, aliimalizia robo yako. Nawe kabla hujagusa yako, ulikwisha kumalizia ya aliyekutangulia. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Ilikuwa ni adabu, ili gari lisije likapita kwa jicho la mtu mmoja, na ili anayeumwa mkono siku hiyo asiaibike peke yake. Waliiita robo ya jirani. Haikuandikwa kwenye kitabu chochote, wala mkaguzi hakuwahi kuigundua, kwani yeye alipima gari likiwa mwisho wa laini, robo zote zimekwisha kufika nyumbani.

Kisha ikaja wiki ya kunakiliwa. Kundi la Mejumaa lilikuwa la watu kumi na wawili; walichukuliwa mmoja mmoja, kwenye chumba chenye baridi. Mejumaa alivishwa ile waliyozoea kuiita soksi: kitambaa chembamba chenye nyuzi za shaba, kutoka kwenye kucha mpaka begani, kinachosoma uzito wa kidole, pembe ya kiwiko, hata pale mtu anaposita. Akawekewa kiti juu ya meza na bolti kwenye bakuli. "Fanya kama unavyofanya kila siku," wakamwambia. Akafanya mara mia mbili, na mara zote mia mbili akaacha robo. Kwenye meza ile hapakuwa na jirani. Hilo halikumpitia kichwani. Nani hukumbuka kwamba ameacha nafasi mkekani anapoketi?

Kama mikono ingekuwa inaunganisha Kongoni, nakala zile zisingedhuru, maana mkono wa tisa ungefuata na kumalizia, kama Shekiondo alivyomalizia miaka ishirini na tisa. Lakini Kware ni gari jingine. Wachoraji wake waliuhamisha mkono wa tisa na inayoufuata upande wa pili, kwenye milango; nyuma ya wa nane hapakubaki wa kumalizia.

Na kipimo? Kipimo kilikuwepo. Jicho la umeme lililinganisha kila bolti na nakala ya Mejumaa, kwa sababu nakala ndiyo ilikuwa kanuni. Nakala ilisema: hapa ndipo mwisho. Jicho likaitikia: naam, hapa ndipo mwisho.

*

Injinia Tumsifu alikuwa kijana wa Kipare mwenye adabu na mikono laini, ambaye hakuwahi kumpita Mejumaa bila shikamoo. Mejumaa alipomweleza, alichukua spana ya kipimo, akalala chali chini ya kiti kwa suti yake, akakaza. Spana ilizunguka robo nzima ndipo ikalia, tik.

Akaijaribu ya pili; tik ile ile.

"Zote hivi, mama?"

"Zote ambazo mkono wangu umegusa."

Alitoka, akafungua kibao chake cha hesabu, akaingiza namba. Mejumaa aliona shingo yake ikilowa jasho.

"Kwenye lami zingekaa miaka. Kwenye mawe ya kule milimani…" Aliitazama namba tena. "Wiki kadhaa. Labda kumi, labda tatu. Gari likifunga breki ghafla konani, kiti kitang'oka. Pamoja na aliyekikalia."

"Basi yarudishwe."

"Ngoja, mama. Kaa kwanza."

"Nikae wapi, kwenye kiti changu?"

Kijana hakucheka. Alimweleza polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Kuurekebisha mkono wa nane ni kazi ya dakika kumi. Aongeze robo, amalize. Kuanzia gari la arobaini na mbili yote yatakuwa mazima, na hakuna atakayeuliza. Lakini yale arobaini na moja hayawezi kuguswa kimya kimya. Kofia zao zimekwisha pigwa muhuri. Ukiifungua moja tu, gari lenyewe hupeleka taarifa. Na kuyarudisha kunahitaji sababu, na sababu ni moja: mkono una kosa.

"Na mkono ni wangu."

"Kisheria ndiyo. Mkono ni wa mwenyewe hata ukiwa wa chuma. Ndiyo maana mimi siwezi kuukana, mkurugenzi hawezi, mahakama haiwezi. Anayeweza ni wewe peke yako, kwa mwandiko wako." Alizungusha spana mikononi mwake. "Ila mlinakiliwa kumi na wawili wiki moja, kwa hati moja. Ukiukana wako, hati nzima inaanguka. Mikono yote kumi na miwili inafutwa, na kiwanda kitaagiza nakala za ng'ambo zilizokwisha tengenezwa. Na nakala ikifutwa…"

Hakuhitaji kumaliza. Nakala ikifutwa, haki ya mkono inakoma: nyumba ya kota, na zahanati ya kiwanda.

"Siwezi kusema kosa ni langu peke yangu?"

"Unaweza kuandika hivyo. Hati haisomi hivyo."

Mejumaa hakuifikiria nyumba. Alikuwa na dada yake kule Duga, angejibana huko. Alimfikiria Shekiondo, ambaye figo zake zilikwisha kumsusa, na ambaye mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye zahanati ya kiwanda damu yake ikizungushwa nje na kurudishwa ndani. Mashine za mjini zilikuwepo, na foleni yake ilikuwepo pia. Ni foleni ambayo mtu husogea pale wa mbele anapozikwa.

"Mama," Tumsifu alisema bila kumtazama, "ukiniletea karatasi, nitaipeleka. Usiponiletea, mimi sikulala chini ya kiti chochote leo."

*

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya Shekiondo kusafishwa damu. Mejumaa alimkuta kwenye kitanda cha dirishani, mirija miwili mkononi, redio ndogo kifuani.

"Karibu, mtani. Mbona umenuna kama uliyenyimwa ubwabwa wa harusi? Kitendawili!"

"Leo sina mji wa kukupa, Hoza."

Redio akaizima.

Mejumaa alimweleza yote, kiti, robo, meza ya baridi, hati. Hakupunguza wala kupamba. Mashine iliendelea kuzunguka taratibu kama cherehani ya mtu asiye na haraka. Alipomaliza, Shekiondo alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Robo," alisema. "Miaka ishirini na tisa nakumalizia robo zako. Nimehamishwa kituo kimoja tu, tazama ulivyonifanya."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Hata mimi nilipovaa ile soksi nilitafuta robo ya kumalizia mezani. Nikaona bolti zimekazwa tayari, nikasema leo jirani yangu kaamka na nguvu." Alifumba macho, akayafumbua. "Sasa niambie. Umekuja kuniomba ruhusa, au umekuja kuniaga?"

Mejumaa alinyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari. Kuna vitendawili ambavyo hata anayetega hajui kilichomo.

"Mejumaa." Sauti ilishuka. "Vuli haijaanza. Barabara kavu, magari mapya. Ngoja nipate nafasi mjini. Miezi miwili. Ukiniona nimeipata, nenda ukaandike hata kwa rangi nyekundu ukutani."

"Na likianguka moja kabla?"

"Halijaanguka."

"Halijaanguka bado."

"Wewe ni mzima! Mimi nikikosa siku nne navimba kama papai. Mke wangu anajua. Watoto wangu wanajua, wanahesabu siku kwa vidole. Hao wa milimani siwajui, na wewe huwajui. Mimi unanijua. Chai yangu unaijua sukari yake!"

Hapo ndipo Nesi Kupaza alipoingia na sinia la dawa, uso unang'aa. "Mzee Shekiondo, mnapigania nini tena, vitendawili? Haya, nami nina habari. Kwetu Mlalo wameletewa gari la kwenu! Wifi yangu kashushwa nalo juzi mpaka hospitali, kajifungua mtoto wa kike. Mama alikaa naye pale kwenye kiti cha pembeni, anasema linapanda kama mbuzi, halitikisiki." Akatazama mashine, akaandika, akagonga mrija kwa kucha. "Kesho linawarudisha nyumbani, wote watatu. Mmefanya kazi, wazee wangu. Mungu awalipe."

Akatoka huku akiimba kwa pua.

Shekiondo alikuwa ametazama dirishani. Kisha akageuza uso ukutani.

"Nenda zako, mtani. Usinitake neno. Nikisema usiandike, nimemuua mtu nisiyemjua. Nikisema andika, nimejiua mwenyewe. Mkono ni wako. Nenda nao."

*

Sheria ilitaka karatasi na kalamu ya wino. Mejumaa alikaa kwenye meza ya kantini, saa tano asubuhi, wapishi wakimenya vitunguu nyuma yake. Aliishia darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa wa kukokota, herufi kubwa kubwa kama nguo zilizoanikwa.

*Mimi Mejumaa Mbwana, mwenye mkono wa nane, naukana mkono wangu. Uliacha robo. Nilikuwa nikiacha kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumalizia, na mtu huyo alimalizia kila siku hakukosa hata moja. Naomba iandikwe kwamba Hoza Shekiondo hakukosea.*

Akaisoma, akaona mstari wa mwisho hautamsaidia Hoza kitu. Hakuufuta.

Tumsifu aliipokea kwa mikono miwili. "Nitaambatanisha barua yangu, niwaombe wamwachie matibabu."

"Barua inasafisha damu?"

"Hapana, mama."

"Basi andika nzito."

Amri ilipotoka, waliitazama wote wawili ikitekelezwa kwenye skrini ya ofisi. Milima ya Usambara ilikuwa imechorwa kwa kijani, na juu yake nukta arobaini na moja za njano. Gari tupu lilisimama kando ya njia, likageuka. Gari lenye mtu lilipunguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea, likaendelea mpaka limfikishe, ndipo ligeuke. Nukta zikaanza kuteremka, moja moja, kupitia Soni, kupitia Mombo, kama mchwa wanaorudi kichuguuni. Chini, kwenye laini, mikono kumi na miwili iliinama kwa pamoja, vidole vikalegea. Ule wa nane ulikuwa umeshika bolti. Ikaanguka sakafuni, ikabingirika, na hakuna aliyekwenda kuiokota.

Nukta moja haikugeuka. Ilikuwa juu sana, kwenye kona za karibu na Mtae, inatambaa. Ndani mlikuwa na mtu kitandani na mtu kwenye kiti. Mejumaa alisimama. Tumsifu alimletea kiti, hakukaa. Saa sita ikapita, chai ikapoa. Nukta ilifika kona, ikasita, ikaimaliza. Ikafika nyingine. Alijikuta mkono wake wa kulia, ule wa nyama, umekunja vidole na unazunguka hewani taratibu, unakaza kitu kisichokuwepo.

Saa nane kasoro nukta ilifika zahanati. Ikakaa. Kisha ikageuka.

"Zote," alisema Tumsifu, na akajifuta uso kwa tai yake. "Barua za kuwaarifu wenzako zitatoka kesho."

"Ya Shekiondo nipe mimi."

"Haijaandikwa, mama."

"Nina mdomo."

Alitembea mpaka kota kwa miguu, jua likiwa kali bado. Njiani alijaribu maneno, akayatupa, akaokota mengine. Akapiga hodi, mlango ukafunguliwa na Shekiondo mwenyewe, plasta ya asubuhi ingali mkononi mwake. Alimtazama Mejumaa kuanzia miguuni, vumbi lote lile, mpaka usoni, na hakuuliza lililomleta.

"Yamerudi?"

"Yamerudi."

"Yote?"

"Yote. Hakuna aliyeumia."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu. Ndani mkewe aliuliza ni nani huyo mlangoni, akauliza tena, na sufuria ikafunikwa.

Shekiondo hakusema karibu. Wala hakufunga mlango. Alisimama pale, mkono wenye plasta umeshika fremu, na Mejumaa akasimama mbele yake juani, kwa kuwa lililobaki la kumfanyia lilikuwa hilo tu, asiondoke.